Ndege Imeanguka, Ndege Ameanguka

Mwezi uliopita mama alihama. Baada ya miaka karibu ishirini katika jengo lile lile la Etobicoke, ghorofa ya saba, amepata nyumba ndogo Brampton, yenye ngazi tatu tu za kupanda. Nilikwenda kumsaidia kufunga vyombo. Nilipomaliza jikoni nikafungua mlango wa kioo nitoke roshani nipate hewa, nikakuta wenye jengo wametandaza wavu mweusi kutoka sakafuni hadi darini, ndege wasitue. Nikasimama nyuma yake kama kuku tengani. Mama akaniita nimshikie boksi, sikumsikia hata kidogo.

Nakuonya mapema, rafiki yangu, mimi ni mtu wa wasiwasi. Mtu akichelewa nusu saa, moyoni mwangu nimeshamzika. Nikitumiwa ujumbe unaosema "nipigie," na basi, naanza kuhesabu nani yuko safarini. Watu huniuliza huu wasiwasi nimeutoa wapi, nami huwa nacheka tu. Nimeutoa pale roshani, majira ya baridi nilipokuwa na miaka tisa.

Bibi mzaa baba alikuja mwezi wa Oktoba kutoka Mombo, kwa viza ya miezi sita. Alikuta nyumba ya watu wanaopishana mlangoni. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, baba kiwandani, na mimi nilikuwa mtoto anayesikia Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Bibi aliyavumilia mengine yote, hilo hakulivumilia. Wiki ya kwanza tu akaweka sheria, Kiingereza nikivue mlangoni pamoja na mabuti.

Basi nikawa najikongoja. Na kwangu mimi kila kitu kilikuwa kimoja. Mama imekuja. Mtoto inalia. Mwalimu imesema. Bibi alikuwa ananikosoa papo hapo, hata kijiko kikiwa mdomoni, na hakuniruhusu kumeza mpaka nirudie. Lililonishinda kabisa lilikuwa ndege. "Sikiliza, mke mwenzangu," alikuwa akiniambia, maana ndivyo alivyonitania, "ndege ya kupanda inaruka. Ndege wa mabawa anaruka. Huyu ana roho, ile haina. Mwenye roho mpe heshima yake." Nilikuwa nikiitikia, na baada ya dakika mbili nasema ndege inakula.

Ndege wenyewe walianza na ukoko. Bibi hakuweza kutupa ukoko wa wali kwenye pipa, mkono ulikataa. Theluji ya kwanza ilipodondoka akaumwaga roshani, na kabla hajafunga mlango shomoro wakawa wameshatua. Siku chache baadaye bibi mmoja wa Kipolandi, jirani yetu wa ghorofa ya tatu, alitukuta kwenye lifti. Alikuwa ameona punje za wali zikianguka kwenye roshani yake. Nilidhani atatusemea kwa msimamizi, kwa kuwa tangazo la kukataza kulisha njiwa lilikuwa limebandikwa pale pale kwenye lifti. Badala yake alipanda jioni na mfuko mkubwa wa chakula cha ndege, akamwekea bibi mikononi, akaondoka bila maneno mengi. Hawakuwa na lugha ya kuelewana hata hivyo.

Bibi alitia mkono ndani ya mfuko, akatoa ngumi, akaifungua chini ya taa. Mtama. Uwele. Alizeti. Akacheka mpaka akakaa chini. Nilimwona machozi yanamtoka, sikujua kama bado ni kicheko. Akanieleza kwamba alipokuwa na umri wangu kazi yake ilikuwa kuamia. Mpunga ukianza kukomaa majarubani, watoto walipelekwa shambani kabla jua halijatoka, na kombeo na debe bovu, wakafukuze ndege mpaka jua lizame. Wakija kwelea kwelea kundi zima, ukisinzia kidogo tu, jaruba limekwisha, na nyumbani usitegemee sahani. Sauti ilikuwa inakauka kwa kupiga kelele. "Utoto wangu wote nimegombana nao," alisema, "leo nimekuja Ulaya kuwaandalia meza." Kwa bibi kila mahali penye theluji palikuwa Ulaya.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Asubuhi, kabla sijaenda shule, nilivaa jaketi juu ya nguo za kulalia, nikabandua barafu kwenye sinia kwa mwiko, nikamwaga mtama na kubadilisha maji ya bakuli, ambayo yaliganda hata kabla chai haijapoa. Mlango nilitakiwa niufungue kwa upenyo na kuufunga haraka, hita isipoteze moto. Kisha tunakaa nyuma ya kioo, harufu ya tangawizi na chapati nyumba nzima, bibi na tasbihi yake, tunawatazama. Alikuja mwekundu mwenye kishungi, bibi akamwita Bwana Harusi. Na alikuja mdogo sana, mashavu meupe na kofia nyeusi kichwani, anachukua punje moja na kuondoka nayo kwa adabu. Huyo alikuwa Maalim.

Lakini usidhani ilikuwa raha tupu. Bibi alikuwa hana amani na wale ndege. Kila baridi ilipozidi aliniuliza wanalala wapi, wanajifunika nini. Nikamuuliza mwalimu wangu, naye akaniambia kwamba hututumua manyoya ili wapate joto. Mimi nikapeleka habari nyumbani kwa Kiswahili changu: "Mwalimu imesema usiku wanavimba." Bibi alishika kifua. "Wanavimba? Masikini ya Mungu." Tangu siku hiyo, kila alfajiri baada ya kuswali, alikwenda kiooni na kuhesabu. Maalim asipoonekana mpaka saa mbili, chai ilikuwa hainyweki. Na mimi nikaambukizwa. Darasani nilikuwa natazama dirishani, nawaza labda nitarudi nimkute amekauka kwenye sinia.

Mwezi wa Januari ikaja simu kutoka Mombo. Jirani wa shamba amesogeza mpaka wa majaruba ya bibi, mabaraza mawili ya usuluhishi yameshindwa, anatakiwa mwenye shamba. Bibi alitaka kuondoka siku hiyo hiyo, lakini viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja tu, akitoka hakuna kurudi, na alikuwa bado na miezi mitatu ya kukaa nasi. Akamwomba baba aende. Mama alijaribu kupinga kidogo, "Januari hii, mama, na baridi hii?" Bibi akasema shamba lile ndilo lililomsomesha huyo baba. Baba akaomba likizo, akaenda kwa wiki tatu.

Kuanzia hapo wasiwasi wa bibi ukahama kutoka kwenye sinia ukapanda juu. Kila ndege ya kupanda iliyopita juu ya jengo letu, na zilipita nyingi kwa kuwa uwanja hauko mbali, aliinua uso na midomo ikawa inacheza. "Mimi ndiye niliyemtuma," alikuwa akisema peke yake. "Likimpata jambo, mimi ndiye niliyemtuma."

Siku ya baba kurudi ilikuwa Jumamosi. Baridi ya siku hiyo sijaiona tena. Ukivuta pumzi, pua inashikana. Mabomba ukutani yalikuwa yanagonga kama mtu anaomba afunguliwe. Baba alikuwa ameshaondoka Dar usiku, amebadilisha ndege Amsterdam, na alitarajiwa kutua saa tisa alasiri. Mama alikuwa zamu, na kazini kwao simu zinakaa kwenye kabati. Bibi alikuwa hajala. Televisheni ilikuwa inaonyesha uwanja wa ndege, magari yenye taa za kuzunguka yamezingira ndege, watu wanazimwagia dawa ya kuyeyusha barafu. Bibi hakujua ile ni dawa. Alikuwa akitazama tu.

Karibu na adhuhuri aliingia bafuni kutia udhu. Nami nikasikia puu! kwenye kioo. Nilipochungulia nje, Maalim alikuwa chali sakafuni, miguu juu, theluji kwenye mashavu. Nilitoka bila jaketi, nikamwokota, nikamtia kwenye kofia yangu ya sufu. Alikuwa mwepesi, kama sijashika kitu. Nilijua mtu mmoja tu wa kumpelekea, yule bibi wa Kipolandi.

Nilitaka kumwambia bibi. Na kwa sababu nilijua alivyompenda Maalim, na nilitaka siku hiyo angalau nimfurahishe, sikusema kwa Kiingereza. Niligonga mlango wa bafu, maji yanachuruzika ndani, nikapaza sauti kwa Kiswahili changu chote: "Bibi! Ndege imeanguka! Naenda kwa jirani!" Kisha nikashuka ngazi mbio.

Bibi wa ghorofa ya tatu hakushangaa. Alimtia Maalim kwenye boksi la viatu, akafunika, akazima taa ya chumba kile, akaniwekea kidole mdomoni nisiseme. Tukakaa jikoni kwake tukinywa maziwa ya moto na kutazama saa. Nilikuwa ninaomba dua zote nilizozijua, mbili. Baada ya muda, karibu saa nzima, tukasikia kucha zinakwaruza karatasi. Akalipeleka boksi roshani, akafungua, na Maalim akakaa ukingoni kidogo, akatutazama, akaruka. Nilipanda ghorofa nne nikiwa siioni ngazi, nina habari njema.

Nje ya mlango wetu kulikuwa na mabuti. Mabuti mengi, ya kike, yamepangwa ukutani mpaka mlango wa jirani, theluji inayeyuka chini yake. Mtoto wa Kiswahili, hata wa Etobicoke, anajua maana ya viatu vingi mlangoni siku isiyo ya sherehe. Nikasimama hapo. Ndani walikuwa wanasoma Yasin.

Bibi alikuwa chini, katikati ya kina mama, mgongo ukutani, hasomi, halii. Mama mmoja wa Tanga aliyekaa jengo la pili, rafiki wa bibi, ambaye simu yake ilikuwa haijui kupoa, alinivuta kifuani. "Pole, mwanangu. Pole sana. Ndege ya baba'ko imeanguka."

Siwezi kukueleza vizuri. Nakumbuka nilipiga kelele, na nakumbuka nilivyotazama televisheni nikaona yale magari yenye taa. Kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, baba yangu alikuwa amekufa. Nilimwona amekufa. Jambo hilo halijanitoka kabisa, hata leo, na baba yuko hai anakoroma Brampton.

Mama wa jengo la pili ndiye aliyeuliza, akinifuta kamasi, "Sasa walitangaza saa ngapi, mwanangu? Maana tunatafuta hiyo habari kwenye simu hatuioni."

"I don't know," nikasema. "Nobody told me."

Bibi akainua kichwa. "Si wewe uliyeniambia? Si ulikuja mlangoni ukasema ndege imeanguka?"

Nikamtazama. Nikaiona kofia yangu mkononi, ina manyoya mawili ya kijivu. "The bird, Bibi," nikasema. "Maalim. I said the bird."

"Anasema ndege wa mabawa," akasema mama wa jengo la pili, taratibu.

"Alisema imeanguka," bibi akajibu. "Nimemsikia kwa masikio yangu. Imeanguka. Hakusema ameanguka."

Kina mama wengine wakacheka, kile kicheko cha kutua mzigo. Mmoja akaanza kutafuta mtandio wake aondoke. Lakini bibi hakucheka, na alipoona hakucheka yule mama akakaa tena. Kwa bibi neno lilikuwa limeshatoka. Limetoka kinywani mwa mtoto, saa ya udhu, na mwanawe bado yuko hewani. Akaniita nikakaa mbele yake, akanishika mikono yote miwili.

"Sema ndege ameanguka."

"Ndege ameanguka."

"Ndege ya baba'ko imetua."

"Ndege ya baba imetua."

"Tena."

Nilirudia. Sijui mara ngapi. Mwanzoni nilikuwa nalia, baadaye nikawa naogopa kukosea, maana ilikuwa wazi kwangu kwamba nikikosea herufi moja tu kuna kitu kitashuka kutoka juu. Saa tisa ikafika, simu kimya. Saa kumi. Kwenye televisheni maneno yalikuwa yanapita chini, nikajitolea kumsomea bibi. Akasema, "Mwache mtoto. Sikiliza wewe," akimwambia mama wa jengo la pili. Mama yule akasikiliza, akasema wanasema baridi imewashinda wafanyakazi wa uwanja, ndege zinapelekwa kwingine, hawasemi ipi na wapi. Mama yangu akafika, amekuta simu kumi na tisa kabatini, ameshaambiwa ni makosa lakini hata koti hakuvua. Akapiga simu uwanjani, akawekewa muziki. Tukausikiliza muziki ule mpaka giza likaingia.

Magharibi ndipo simu ya nyumbani ilipolia. Ilikuwa baba. Wameshushwa Montreal, wamekaa ndani ya ndege saa nyingi, chaji ya simu imekwisha, ameazima simu ya mtu. Bibi alipewa. Aliishika kwa mikono miwili, akauliza, "Umetua?" Kisha akauliza, "Umekula?" Kisha akampa mama simu, akaenda chumbani kulipa swala zilizompita.

Tulikuja kusikia baadaye kwamba Mombo nako habari ilikuwa imeshafika, majamvi yametandikwa, na wa kwanza kufika kulia alikuwa yule yule aliyesogeza mpaka. Alilia kwelikweli, wanasema. Alipoambiwa marehemu yuko Montreal, anatafuta basi, alisusa hata chai. Baba alikuwa akiisimulia habari hiyo kwenye kila harusi, na watu wanavunjika mbavu. Mimi nilikuwa naondoka nikaenda kusaidia jikoni.

Baba alifika Jumapili jioni, ndevu zimeota, na machungwa ya Muheza mfukoni mwa koti. Jumatatu asubuhi nilifanya kazi yangu roshani, nikarudi ndani nikipuliza vidole, nikakaa mezani. Bwana Harusi alikuwa kwenye sinia. Wadogo wenye kofia walikuwa watatu au wanne, na kwa kweli hatukuweza kujua yupi ni Maalim. "Bibi," nikasema, "ndege inakula."

Nilijisikia mwenyewe. Nikasubiri, chapati mkononi, arudishe neno. Bibi alikuwa anakoroga chai. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akatabasamu vizuri tu. "Sema Kiingereza, mama, ukitaka," aliniambia. "Hakuna neno. Nitaelewa."

Nilikivua kile kibarua cha Kiswahili siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo nilikuwa namwambia bibi mambo yangu yote kwa Kiingereza, haraka haraka, naye anaitikia "eeh, eeh," akipepesa macho. Mwezi wa Aprili akarudi Mombo, mpaka wake umenyooshwa. Kwenye simu za Idi nilisema "Hi Bibi, I miss you," akasema "yes, yes, mama," akaomba apewe baba. Alifariki nikiwa na miaka kumi na sita.

Kiswahili hiki unachokisoma nimekisoma ukubwani, kwa vitabu na kwa kumsumbua mama. Mwaka juzi nilikwenda Mombo. Watoto hawaamii tena majarubani. Waliniambia siku hizi wanatundika tepu za kaseti zinazometameta, upepo unafanya kazi. Niliwekwa kwenye kiti peke yangu, watu wakakaa mkekani, tukazungumza mchana kutwa. Na nilipokuwa nikieleza njia niliyokuja nayo nikasema, "ng'ombe imelala barabarani." Nililisikia neno likitoka. Mtoto mmoja wa kike alifungua mdomo, mama yake akamfinya paja. Wengine wote wakatikisa vichwa, wakasema, mashallah, unakijua Kiswahili, hongera. Nikasubiri. Nilisubiri kwa nguvu kabisa, pengine yuko shangazi mmoja mkali atakayenikatiza. Wakaniletea paja la kuku.

Mgeni watu humkarimu, hawamkosoi. Nililishika paja lile nikashindwa kulila, kwa sababu ndipo nilipoielewa ile asubuhi ya Jumatatu, bibi akitabasamu juu ya chai yake. Alikuwa ananikaribisha. Nami nilikuwa na miaka tisa, na nilifurahi.